Namna ya Kukosoa Maandiko Matakatifu Ambayo Hujayasoma

Sehemu kubwa ya watu wanaoikosoa Biblia au Qurani, iwe kijiweni Mwanjelwa, ndani ya basi linalopanda Kitonga, au katika kundi la WhatsApp la waliomaliza sekondari pamoja, hawajakisoma kitabu wanachokikosoa. Jambo hilo haliwahusu walioacha dini peke yao. Mkristo anayeeleza kwa uhakika yaliyomo ndani ya Qurani kwa kawaida ameyapata kwa mhubiri wake, na Mwislamu anayetaja kasoro za Biblia mara nyingi amezisikia katika muhadhara, ambako msemaji alimsomea mistari michache aliyoichagua mwenyewe. Hata muumini anayeyalaumu maandiko ya dini yake, kwa kuwa amechoshwa na michango ya kila Jumapili, mara nyingi anarudia maneno aliyoyaokota kwa mwingine.

Mwongozo huu hauwaambii watu hao wanyamaze mpaka wamalize kurasa zote. Sharti la namna hiyo halitekelezeki, na wanaolitoa kwa sauti kubwa, wakisema “nenda kasome kwanza”, kwa kawaida nao hawajalitimiza. Biblia ya Kiprotestanti ina vitabu 66 vyenye sura 1,189. Ya Kikatoliki ina vitabu 73. Qurani ina sura 114 na aya zaidi ya 6,200, na nyuma yake kuna mikusanyo ya hadithi, yaani masimulizi ya maneno na matendo ya Mtume Muhammad, inayojaza rafu nzima. Kama ruhusa ya kusema ingetolewa kwa waliomaliza vyote hivyo, mimbari nyingi za Nyanda za Juu Kusini zingebaki tupu. Ninachotaka kueleza ni kwamba asiyesoma ana mambo anayoweza kuyakosoa kwa haki kamili na mengine asiyoweza kuyagusa, na kwamba mpaka kati ya hayo mawili huonekana bila shida na yeyote anayeutafuta.

Tenganisha kitabu na watu wake

Nabii anayeuza maji ya upako kwa bei ya kuumiza, mchungaji anayemwambia mgonjwa wa kifua kikuu aache dozi kwa sababu ameshaombewa, mwalimu wa madrasa anayemchapa mtoto mpaka akavimba mgongo: hakuna hata mmoja kati ya hawa ambaye unahitaji kusoma Isaya au Suratul Baqara ili umkosoe. Unachohitaji ni ushahidi wa alichofanya, yaani nani alikuwapo, lini, maneno gani yalitamkwa na fedha kiasi gani zililipwa. Ukiwa na ushahidi huo, hoja yako inasimama yenyewe, na mtu akikujibu kwamba hujui maandiko atakuwa amehamisha mada.

Tatizo huanza katika sentensi inayofuata, pale msemaji anapomalizia, “na ndivyo kitabu chao kinavyowafundisha.” Sentensi hiyo ina mzigo mwingine kabisa. Inadai kujua yaliyomo kitabuni, na tena inadai kwamba kitendo kilitoka humo. Katika mikoa yetu madai hayo ni dhaifu kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu kitabu kilekile kimezaa mienendo inayopingana nyumba kwa nyumba. Wamisionari wa Moravian na wale wa Kilutheri kutoka Berlin walifika nchi ya Wanyakyusa mwaka huohuo mmoja wa 1891. Wakatoliki walijenga Tosamaganga karibu na Iringa kabla karne hiyo haijaisha. Baadaye wakaja Wasabato, kisha Wapentekoste wa kila namna. Wote wanashika Biblia. Lakini chukua jambo dogo kama ulanzi, ile pombe ya mianzi. Katika kijiji kimoja cha Iringa utampata mzee wa kanisa anayeona kwamba kunywa kikombe kimoja ni dhambi ya kumtoa mtu ushirikani, na jirani yake wa kanisa jingine anayekunywa baada ya ibada akikumbusha kwamba Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake (1 Timotheo 5:23). Ukimwona mmoja wao, huwezi kujua kutokana na mwenendo wake peke yake kile ambacho kitabu kinasema.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kuweka jina sahihi katika lawama. Kama unamlaumu kiongozi, sema kiongozi. Kama unalaumu utaratibu wa kanisa au wa msikiti, utaje utaratibu huo. Neno “Biblia” au “Qurani” lisitumike kama mkoba wa kubebea kila kitu kinachofanywa na wanaozibeba.

Jambo la pili linaloweza kukosolewa bila kusoma ni hoja iliyowekwa mbele yako. Mtu akisema kwamba kitabu chake ni cha kweli kwa kuwa kitabu chenyewe kimesema hivyo, kasoro iko katika hoja, nawe unaiona yote kutoka hapo ulipoketi. Akisema kwamba dini yake ni ya kweli kwa kuwa wafuasi wake ni wengi, muulize idadi hiyo inathibitisha nini.

La tatu linahitaji uangalifu zaidi, nalo ni kukosoa kanuni kwa sharti. Tuseme rafiki yako amekuambia kwamba kitabu fulani kinaagiza adhabu ya kifo kwa anayeacha dini. Hujui kama ni kweli. Hata hivyo unaweza kusema, “Kama ndivyo kinavyoagiza, mimi naipinga amri hiyo, na sababu zangu ni hizi.” Neno “kama” hapo linafanya kazi kubwa, kwa kuwa linakuruhusu kuijadili amri yenyewe, haki yake na madhara yake, bila kujifanya umeiona. Mjadala ukigeukia kama amri hiyo imo au haimo, unasimama na kwenda kutazama. Nimeona watu wakilidharau neno hili wakidhani linawapunguzia nguvu, ilhali aliyesema kwa sharti hana cha kufuta akionyeshwa kwamba alipewa habari isiyo sahihi.

Hakikisha jambo hilo limo kitabuni

Kabla ya kukosoa, uliza swali ambalo wengi hulipita: je, jambo lenyewe limo? Mengi ambayo watu wa pande zote huyaita maandiko ni mapokeo, nyimbo, picha za ukutani na methali zilizovaa joho la dini. Mathayo sura ya 2 inawataja mamajusi na zawadi za namna tatu, lakini haisemi popote kwamba walikuwa watatu. Mwanzo sura ya 3 inataja tunda la mti bila kulitaja jina, ingawa wachoraji wengi wameweka tufaha, na mtoto wa Makete au Njombe, ambako matufaha yanalimwa, hukua akiamini kwamba Hawa alichuma tunda analolijua. “Jisaidie, nami nitakusaidia” ni maneno yanayohubiriwa na kubandikwa kila mahali, ila hayamo katika Biblia. “Fedha ni chanzo cha maovu yote” ni nukuu iliyokatwa, kwani 1 Timotheo 6:10 inasema kwamba shina moja la mabaya ya kila namna ni kupenda fedha, na anayewacheka matajiri wa kanisani kwa mstari uliokatwa hivyo anampa mpinzani wake ushindi wa bure.

Upande wa Uislamu swali hili ni zito zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya sheria na desturi inategemea hadithi za Mtume, ambazo ni mikusanyo tofauti na Qurani. Mfano mmoja utatosha. Wakosoaji husema kwamba Qurani inaamuru mzinzi apigwe mawe mpaka afe. Ukifungua Suratun Nuur, aya ya 2, utakuta adhabu iliyotajwa ni viboko mia. Kupigwa mawe kunatokana na hadithi na kumejadiliwa sana na wanazuoni wa sheria, na kumo pia katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, yaani ndani ya Biblia ambayo mkosoaji wa Kikristo ameishika mkononi wakati anaongea. Mtu bado anaweza kuipinga adhabu ya viboko, na kuipinga ile ya mawe pia, ila lazima aelekeze kila lawama mahali pake.

Ukitamka kwamba jambo fulani “halimo kwenye Biblia”, taja ni Biblia ya nani. Mprotestanti humwambia Mkatoliki kwamba kuwaombea marehemu hakumo, naye Mkatoliki akamfungulia Wamakabayo wa Pili sura ya 12, kitabu ambacho Biblia ya mwenzake haina. Hapo hakuna aliyesema uongo, ila wameshika orodha mbili tofauti za vitabu. Namba nazo hutofautiana: katika baadhi ya Biblia za Kikatoliki za zamani, ile Zaburi ya 23 inayosomwa misibani huhesabiwa kuwa ya 22.

Aya moja iliyochomolewa

Zaburi ya 14 ina maneno “Hakuna Mungu”. Yamo, yamechapwa, na yeyote anaweza kuyapiga picha. Ukirudi nyuma maneno matatu utasoma: “Mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu.” Waislamu wana mfano wao unaofanana na huo, nao hufundishwa mapema: Suratul Maauun, aya ya 4, inasema ole wao wanaosali, na aya ya 5 inaeleza kwamba ni wale wanaoipuuza sala yao. Anayekomea kwenye aya ya 4 ameifanya Qurani ikataze sala.

Hiyo ni mifano mepesi, kwa sababu kila mtu anaiona hila. Migumu zaidi ni ile ambayo hakuna aliyekusudia kudanganya. Katika milango ya maduka na kwenye kadi za harusi utakuta maneno ya Ayubu 8:7, kwamba ijapokuwa mwanzo wako ulikuwa mdogo, mwisho wako utaongezeka sana. Wachache wanajua kwamba anayesema hapo ni Bildadi Mshuhi, mmoja wa marafiki watatu wa Ayubu, na kwamba katika sura ya 42 Mungu anawakemea marafiki hao kwa kutonena yaliyo sawa. Inawezekana kabisa sentensi hiyo moja ya Bildadi ni nzuri. Lakini anayeikosoa Biblia kwa ahadi hiyo ya utajiri, kama vile anayeihubiri, anapaswa kujua kwamba ameichukua kutoka kinywani mwa mtu ambaye kitabu chenyewe kimemkosoa.

Vivyo hivyo kwa masimulizi ya kutisha. Waamuzi sura ya 19 ni miongoni mwa habari za kikatili zaidi katika Biblia nzima, na mtu anayekutana nayo katika klipu ya dakika moja huuliza, kwa haki, kitabu gani kitakatifu kinaweza kuandika mambo kama hayo. Ukisoma hadi mwisho wa kitabu hicho unakuta sentensi kwamba siku hizo hapakuwa na mfalme katika Israeli, na kila mtu alifanya yaliyokuwa mema machoni pake mwenyewe. Mwandishi ameyasimulia kama dalili ya nchi iliyooza. Bado unaweza kuuliza kwa nini mwanamke yule hana jina, na kwa nini hasira ya kabila zima inahusu heshima ya mwanamume. Hayo ni maswali mazuri, nayo yanaulizwa na aliyesoma.

Kwa hiyo, ukiletewa aya, isome kuanzia pale usemi unapoanza hadi unapokoma, na ujiulize ni nani anayesema, anamwambia nani, na kama kinachoelezwa ni tukio lililosimuliwa au amri iliyotolewa. Katika Qurani jiulize pia kama sura hiyo iliteremka Makka au baadaye Madina, kwa sababu sura zake hazikupangwa kwa kufuata wakati wa kuteremka. Ukiacha Al-Fatiha, zimepangwa kwa jumla kutoka ndefu kwenda fupi, na anayeisoma kama riwaya, kuanzia ukurasa wa kwanza, atakutana na mambo ya Madina kabla ya yale ya Makka yaliyotangulia kwa miaka mingi. Aya ya 5 ya Suratut Tawba, inayotajwa kila vita vinapozungumzwa, imetanguliwa na aya inayowatoa waliotimiza mikataba yao, na inafuatwa na aya inayoagiza kwamba mshirikina akiomba ulinzi apewe na afikishwe mahali pake pa amani. Aya ya 29 ya sura hiyohiyo, inayohusu kupigana na Watu wa Kitabu hadi watoe kodi, ina ugumu wake mwenyewe, na mkosoaji makini angeanzia hapo badala ya kung'ang'ania nusu ya aya ya 5.

Hapa lazima niseme neno kwa upande wa pili, kwa sababu “soma muktadha” limekuwa jibu la kufunga mdomo. Mtetezi anayesema hivyo ana wajibu wa kuonyesha ni jambo gani katika muktadha linalobadilisha maana. Wakati mwingine halipo. Kutoka 21:20–21 inazungumzia bwana anayempiga mtumwa wake kwa fimbo, na inasema kwamba mtumwa akiishi siku moja au mbili, bwana wake hataadhibiwa, kwa kuwa ni mali yake. Soma sura nzima ya 21, kisha ya 20 na ya 22. Utaelewa kwamba ni sheria za jamii ya kale, na utaona kwamba sheria hiyohiyo inamwadhibu bwana mtumwa akifa papo hapo, na kwamba mtumwa aliyeng'olewa jino huachwa huru. Baada ya yote hayo, mtumwa bado anaitwa mali. Ukosoaji uliobaki baada ya kusoma namna hiyo hauondolewi na neno muktadha, na kwa maoni yangu sura moja kama hiyo iliyosomwa vizuri ina uzito kuliko orodha ya mistari hamsini iliyopokelewa kwa simu.

Wanaodai kwamba aya zimefutwa

Kuna ujumbe unaozunguka kila baada ya muda kwamba Biblia mpya zimeondoa aya kwa siri, na hutolewa mfano wa Mathayo 17:21 kuhusu kusali na kufunga, na Mathayo 18:11. Ujumbe huu hutumiwa na Wakristo kuonyana na hutumiwa na wapinzani wao kuthibitisha kwamba kitabu kimechezewa. Ni vyema kujua kilichotokea, kwa kuwa ni habari ya wazi isiyo na siri yoyote.

Vitabu vya Biblia havikuandikwa na namba za aya. Mgawanyo wa sura unaotumika leo ulifanywa mwanzoni mwa karne ya 13 na Stephen Langton, na namba za aya za Agano Jipya ziliwekwa na mchapaji Robert Estienne katika toleo lake la Kigiriki la mwaka 1551. Yeye alitumia matini yaliyotokana na nakala za mkono za karne za baadaye. Katika karne ya 19 wataalamu walipata na kuchunguza nakala za kale zaidi, ikiwemo ile iliyopatikana katika monasteri ya Mtakatifu Katerina huko Sinai, ambayo ni ya karne ya 4, na wakakuta baadhi ya aya hizo hazimo. Watafsiri walibaki na namba isiyo na maneno, na wakachagua kuiweka aya ndani ya mabano, au kuishusha chini ya ukurasa pamoja na maelezo. Ukitaka kukosoa, hapa pana hoja nzuri: kwa nini waumini wengi hawaelezwi historia hii kanisani, na inamaanisha nini kwa mtu anayeamini kwamba kila herufi imehifadhiwa? Kudai njama kunaipoteza hoja hiyo.

Chagua tafsiri, na ulinganishe angalau mbili

Watu wa Rungwe waliohubiriwa mwaka 1891 walikuwa na udhuru wa kutosoma, kwa kuwa hapakuwa na kitabu katika lugha yao. Sisi hatuna. Biblia ya Union Version ya Kiswahili ilitoka mwaka 1952, na Kiswahili chake kizito ndicho kinachokaririwa. Habari Njema, iliyotoka katika miaka ya 1990 kwa ushirikiano wa Wakatoliki na Waprotestanti, ni nyepesi kuelewa kwa anayeanza. Mbeya yenyewe imekuwa kituo cha watafsiri wanaofanya kazi katika lugha kama Kisafwa, Kimalila, Kinyiha na Kivwanji, na mtu anayezijua anaweza kusoma kifungu chenye utata katika lugha ya mama yake kisha akalinganisha na Kiswahili.

Qurani nayo ina tafsiri kadhaa za Kiswahili, na ni muhimu kujua nani aliyetafsiri. Ya kwanza kamili, ya mwaka 1923, ilifanywa na Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana, kwa hiyo haikupokelewa na Waislamu kama yao. Ya Waahmadiyya ilitoka mwaka 1953, nayo ilipingwa na Masunni kwa sababu za kimadhehebu. Ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, ya mwaka 1969, na ya Ali Muhsin al-Barwani iliyofuata katika miaka ya 1990, ndizo utakazozikuta kwa wingi nyumbani na misikitini. Ukimnukulia ustadhi wa Iringa tafsiri ya Dale, mjadala utaishia kwa mtafsiri kabla haujafika kwenye aya. Tazama pia mabano: watafsiri huingiza ndani yake maelezo ambayo hayamo katika Kiarabu, na ukiyanukuu kama maneno ya Qurani utakuwa umemkosoa mfafanuzi.

Usomaji mdogo unaotosha kwa hoja moja

Huhitaji mwaka mzima. Hoja ikiwa ni kuhusu nafasi ya mwanamke katika ndoa ya Kikristo, soma Waraka kwa Waefeso wote, sura sita tu, na usianzie 5:22 kama wahubiri wa harusi wanavyofanya. Anzia 5:21, inayowaagiza wote wanyenyekeane, na uendelee hadi sura ya 6, ambako watumwa nao wanaambiwa watii. Ongeza 1 Wakorintho 11 na 14. Kwa upande wa Uislamu, soma Suratun Nisaa yote, aya 176, na usiruke zile za mirathi na yatima kwa haraka ya kufika aya ya 34, ambayo Waislamu wenyewe wamebishana sana juu ya maana na mipaka yake.

Kwa anayetaka tu kujua vitabu hivi vina ladha gani kabla ya kuvisema, napendekeza jioni moja ya Juni, moto ukiwa umewashwa, asome Mwanzo 37 hadi 50, kisha Suratu Yusuf yenye aya 111. Ni habari ya mtu mmoja iliyosimuliwa mara mbili. Ataona mahali masimulizi yanapopatana, yanapoachana, na kila kitabu kinataka msomaji atazame nini. Zoezi hilo peke yake litamwondolea dhana kwamba mmoja ni nakala mbovu ya mwingine, dhana ambayo nimeisikia ikitoka pande zote mbili. Injili ya Marko nayo husomwa kwa sauti yote chini ya saa mbili. Baada ya hapo anaweza kukosoa picha ya Yesu iliyomo ndani yake, badala ya ile ya kwenye kalenda.

Kulisema, na mahali pa kulisemea

Ukubwa wa dai ulingane na ukubwa wa ulichosoma. Aliyesoma sura moja aseme kuhusu sura hiyo: “Katika Kutoka 21, kwa Union Version, mtumwa anaitwa mali, na mimi nalipinga hilo.” Aliyesikia kwa mwingine aseme amesikia kwa nani. Maneno kama “kitabu kizima”, “popote” na “hakuna hata aya moja” yaachwe kwa waliosoma kitabu chote. Mpinzani anahitaji mstari mmoja tu kuyaangusha, na kwa kawaida anao.

Sheria pia ina mipaka yake. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa maoni katika ibara ya 18 na uhuru wa imani katika ibara ya 19, ambao unajumuisha hiari ya kubadili dini. Kwa upande mwingine, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 125 inakataza kuharibu au kunajisi kitu kinachohesabiwa kitakatifu kwa nia ya kutukana dini, na kifungu cha 129 kinahusu maneno yanayotamkwa kwa makusudi ya kuumiza hisia za kidini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo inakataza kumtukana mtu mtandaoni kwa sababu ya dini yake. Linaloangaliwa hapo ni nia na tusi, na ukosoaji unaotaja aya, unaotoa sababu na usiomdhihaki mtu uko mbali na hayo. Kuchana au kuchoma nakala si ukosoaji wa chochote.

Mahali pia pana uzito wake. Ukoo mmoja wa Tukuyu au Makambako unaweza kuwa na Wamoravian, Wakatoliki, Wasabato, Waislamu na watu wa Assemblies of God, nao hukutana hasa msibani. Msiba si mahali pa mada hii, hata kama mhubiri amekuchokoza kwa mahubiri marefu. Mwache amalize, kisha mfuate siku nyingine, umsalimu inavyostahili, “Shikamoo mchungaji” au “Asalaam aleikum, shehe”, na umwombe akufafanulie mahali ulipokwama. Wengi hufurahi kuulizwa, na asiyefurahi umejifunza jambo kumhusu yeye.

Swali “umeisoma?” litakuja tu. Jibu lake liwe na mipaka ya kweli: taja vitabu au sura ulizosoma, taja tafsiri, na sema wazi kwamba sehemu nyingine hujasoma. Akikuletea kifungu usichokijua, andika namba yake, omba muda, na urudi baada ya kukisoma. Wapo watakaokuambia kwamba hata ukisoma huwezi kuelewa, kwa sababu hujui Kiarabu, au kwa sababu huna Roho Mtakatifu. Usilikatae sharti hilo haraka, kwani lugha ya asili ina mambo ambayo tafsiri haifikishi. Muulize tu kama linamhusu pia asiyejua Kiarabu anayeisifu Qurani, na mwongofu wa wiki iliyopita aliyesimamishwa mbele ya kanisa kutoa ushuhuda kwamba Biblia yote ni kweli. Akijibu kwamba linawahusu wote, mnaweza kuendelea kuongea. Akijibu kwamba linamhusu mkosoaji peke yake, rudi kwenye lile jambo la pili nililolitaja juu, la kukosoa hoja iliyowekwa mbele yako, ambalo halihitaji kufungua ukurasa wowote.